Ofisi ya Futi Kumi kwa Kumi

Nilipomwambia fundi kwamba nataka meza ya ofisi, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ofisi iko wapi?"

"Kwa nyumba," nikamjibu.

"Nyumba ni yako ama umekodi?"

"Nimekodi. Ni SQ, hapo nyuma ya Adams."

Akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora mistari minne kwenye kipande cha ubao, akasema, "Basi nitakuundia ya bolti. Miguu inatoka. Siku ya kuhama unaifungua tu, unabeba."

Sikuwa nimemwambia habari yoyote ya kuhama. Lakini yeye amekaa kando ya Ngong Road miaka mingi kuliko niliyoishi duniani, na anajua kitu kimoja kuhusu wateja wa umri wangu: hatukai. Nikampa dipositi ya elfu tatu, nikarudi kejani nikiwa nimenuna. Mimi nilitaka meza ya mtu anayekaa.

Swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Ofisi iko wapi? Nimeliuliza vitabu, nimemuuliza Mama, na nimegundua kwamba Nairobi imekuwa ikiwauliza watu wake swali hilo tangu reli ilipofika hapa mwaka 1899. Jibu halijawahi kuwa la mbao na misumari peke yake.

*

Kila mtu Nairobi husema SQ bila kufikiria herufi hizo zinasimamia nini. Ile S ni mtumishi.

Ukishuka matatu Adams Arcade, usiingie Toi Market kununua viatu. Tembea kidogo upande wa Woodley. Mtaa huo ulijengwa na baraza la jiji enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu. Mpango ulikuwa ule ule wa nyumba za Wazungu wa wakati huo: nyumba ya mbele yenye bustani na ua wa michongoma, halafu nyuma kabisa, karibu na kamba za kuanikia nguo, chumba cha "boi". Boi angeweza kuwa na miaka hamsini na wajukuu sita kijijini. Aliitwa boi tu. Baada ya uhuru mtaa ukapewa jina la Joseph Kang'ethe, lakini makanga bado huita Woodley, na vile vyumba vya nyuma bado viko vingi katika upande huu wa mji. Tofauti ni kwamba leo vinakodishwa kwa watu kama mimi, wenye laptopu na bila karo.

Changu ni futi kumi kwa kumi. Dirisha ni dogo na liko juu. Ukingo wake unanifika kidevuni. Mwanzoni nilidhani ni ubahili wa mjenzi. Siku hizi naamini ilikuwa hesabu. Hewa iingie, joto litoke, na aliye ndani asikae akitazama bustani ya mwenye nyumba. Hakuna mahali pa meza katika chumba hiki kwa sababu aliyekichora hakufikiria kwamba aliye ndani angekuwa na jambo la kuandika. Kazi yake ilikuwa nyumba ya mbele. Hapa alikuja kulala.

Na hapo sizungumzii chumba kimoja. Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kama mgeni wa muda. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mwanamume alitembea na karatasi zake ndani ya kikebe kilichoning'inia shingoni, na karatasi hizo zilisema ameajiriwa na nani. Bila mwajiri, polisi wangekuuliza unafanya nini mjini. Wafanyakazi wa reli walipewa vyumba vya Muthurwa, na wengine walipewa nafasi ya kitanda tu. Familia ilibaki mashambani. Yaani kazi iko kwa mwingine, usingizi uko hapa, na nyumbani ni mbali kabisa, utarudi ukizeeka.

Ukiielewa hiyo, unaona kwa nini kufanyia kazi yako mwenyewe ndani ya chumba chako mwenyewe, katika jiji hili, hakujawahi kuwa jambo la mapambo tu. Ilikuwa aina ya ukaidi.

*

Wakaidi wa kwanza walikuwa wanawake.

Najua kuna msomaji atakayekunja uso hapa, lakini historia ya kufanyia kazi nyumbani Nairobi haiwezi kuandikwa bila wao. Mwaka 1990 mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kiitwacho The Comforts of Home, baada ya kuzungumza na wazee, wengi wao wanawake, walioishi Pumwani na mitaa jirani enzi za ukoloni. Alionyesha kwamba biashara ya mapenzi ilikuwa na mitindo mbalimbali. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya, kwa maana ya neno hilo wakati huo, alikaa chumbani mwake akangoja mlango ubishwe.

Na alichouza hakikuwa kitanda tu. Mwanamume aliyetoka kwenye chumba cha watu wanane, aliyeitwa boi mchana kutwa, alipata chai, maji ya kuoga, chakula cha moto, na mtu wa kuzungumza naye kama mtu mzima. Kila kimoja kilihesabiwa. Chumba safi kilichopangwa vizuri kilikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Ukitaka kujua nani alikuwa wa kwanza jijini kuelewa kwamba mpangilio wa chumba ni mtaji, usitafute kwenye Pinterest.

Pesa hizo zilienda wapi? Wengine walituma kwao kununua mbuzi na kulipa madeni ya baba zao. Wengine walijenga au kununua nyumba Pangani na Pumwani, wakawa malandilodi. Wakapangisha vyumba kwa wale wale ambao serikali ilisema wako mjini kwa muda. Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na si wote walioweza kuanza upya Pumwani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

*

Ukitoka bara ukashuka pwani, unakuta kwamba huko kazi na nyumba hazikuwahi kutenganishwa sana.

Nilienda Lamu mara moja tu, kwa basi, na nilitumia muda mwingi nikiangalia milango kuliko bahari. Nyumba ya mawe ya tajiri wa Lamu ilianza na daka, ukumbi mdogo mlangoni wenye baraza za kukalia pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokea watu wa shughuli. Mteja alikaa, kahawa ikaja, bei ikazungumzwa, na wala hakuona ndani kuna nini. Mfanyabiashara mgeni aliyesubiri upepo wa kusi ili arudi kwao alipewa sabule, chumba cha wageni kilichokuwa mbali na maisha ya familia. Kwa lugha ya leo, jamaa alikuwa na mapokezi, chumba cha mikutano na nyumba, vyote chini ya dari moja, na alikuwa amelitatua tatizo ambalo sisi tulilia nalo mwaka 2020: namna ya kuzuia kazi isiingie chumba cha kulala.

Lakini kilichonikaa akilini zaidi ni upana. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauna urefu usio na mwisho. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Upana kwa kawaida haukuzidi mita tatu hivi. Mita tatu! Futi kumi! Tajiri wa Lamu na mimi wa SQ tunaweza kugusa kuta zetu kwa hatua zile zile chache. Yeye alifanya nini? Alipandisha vitu ukutani. Zidaka, vile vishimo vya plasta vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye ukuta wa ndani, vilibeba sahani za kaure na vitu vya thamani, na sakafu ikabaki huru. Chumba chembamba kikaonekana kina kina.

Hata neno dawati lenyewe linasimulia hadithi hiyo. Limetoka kwenye neno la Kiarabu la kidau cha wino. Katika Kiswahili cha zamani dawati lilikuwa kisanduku cha vifaa vya kuandikia, kitu cha kubeba. Kabla halijawa na miguu minne, lilikuwa na mpini. Fundi wangu na bolti zake alikuwa karibu na asili ya neno kuliko mimi.

*

Sasa nimzungumzie Mama, kwa sababu nimekuwa nikimzunguka.

Mama ni fundi wa nguo. Nimekulia Kawangware, upande wa 46, katika vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha cherehani. Singer nyeusi ya kukanyaga, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu. Ilikuwa kando ya dirisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka chochote pale, hata kikombe. Mkebe wa vifungo upande wa kulia. Makasi kwenye msumari. Oda kwenye daftari la mraba lililofungwa na kalamu kwa uzi, ili kalamu isiibiwe na mimi. Januari ilikuwa ya sare za shule. Agosti na Desemba zilikuwa za harusi. Sikuwahi kuiita ofisi. Nilipoulizwa shuleni mzazi wako anafanya kazi wapi, nilijibu, "Yuko tu nyumbani." Natamani niirudie siku hiyo.

Cherehani hiyo ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Siku mbili baadaye Rais Kenyatta akafunga shule na vyuo, akawataka waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Nilikuwa mwaka wa pili. Nilirudi 46 na begi moja.

Magazeti yakaanza kutufundisha jinsi ya kupanga ofisi nyumbani: kiti hiki, taa ile, mmea kwenye kona. Kwetu kulikuwa na meza moja. Serikali ilipoagiza kila mtu avae barakoa hadharani mwezi wa Aprili, Mama alishona barakoa kuanzia alfajiri hadi kafyu. Usiku, akishalala, nilisogeza mkebe wa vifungo, nikafungua laptopu, nikaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mnaijua hiyo kazi. Nusu ya watu niliosoma nao waliifanya. Nimeandika kuhusu uuguzi wa wazee huko Ohio na maadili ya biashara huko Leeds, na sijawahi kupanda ndege. Tulikuwa watu wawili, meza moja, shifti mbili. Wakati mwingine asubuhi nilikuta ameacha uzi mwekundu juu ya kibodi, na yeye alikuta majivu ya biskuti zangu kwenye kitambaa cha mteja. Vita.

Chuo kilipofunguliwa tena, nilikuwa na deni la karo na akaunti mbili zinazoingiza doo. Nilipiga hesabu ya kijana wa miaka ishirini na moja, nikaacha. Mama sikumwambia. Kwa miezi kumi na moja nilitoka asubuhi na begi, nikaenda kukaa mahali penye waifai ya bure. Alipojua, hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Sasa hiyo ni kazi gani ya kukaa ukibonyeza usiku kama mwizi?"

Sikuwa na jibu. Mwishoni mwa 2022 ChatGPT ikatoka, na kabla 2023 haijafika katikati oda zangu zilikuwa zimekauka kama mto wa msimu. Nilikuwa nimeshahamia SQ. Nilifanyia kazi kitandani, mgongo umepinda kama ndoano, nikiandika sasa vitu vyangu mwenyewe kwa malipo madogo, na nikajiambia kwamba nikipata meza, nitakuwa na jibu la Mama. Si pesa. Meza. Kitu ambacho angekiona kwa macho.

*

Kwa hiyo, Ngong Road.

Kati ya Dagoretti Corner na uwanja wa mbio za farasi, samani zilijipanga kando ya barabara kwa miaka mingi kama watu wanaongoja basi: vitanda, sofa bila vitambaa, kabati zinazomeremeta vanishi. Barabara ilipopanuliwa miaka ya karibuni, vibanda vikasogezwa, vingine vikavunjwa, na mafundi wakarudi kwa namna wanayoijua wao.

Ufundi huu una ukoo. Mafundi seremala wengi walikuja na reli kutoka India. Wengine walifunzwa kwenye misheni. Mmoja wa hao wa misheni alikuwa kijana aliyeitwa Kamau, aliyeingia misheni ya Waskoti pale Thogoto mwaka 1909, akafunzwa useremala. Baadaye alifanya kazi katika idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, na mwaka 1928 akawa mhariri wa gazeti la Kikuyu liitwalo Muigwithania. Wakati huo alijiita Johnstone Kenyatta. Huwa inanifurahisha: kabla ya kuwa rais, kabla hata ya kuwa mhariri, mtu huyo alijua kutengeneza meza ya kuandikia.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoeneza duniani neno "sekta isiyo rasmi". Wataalamu waligundua kwamba watu waliodhaniwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi mchana kutwa. Wenyewe wana jina lao: jua kali. Jina zuri, kwa sababu linakuambia moja kwa moja ofisi iko wapi.

Fundi wangu alinipa chaguo tatu: mahogani, MDF, na saiprasi. Mahogani ilikuwa ndoto. MDF, akasema, "ikionja maji inavimba kama mandazi." Saiprasi nayo ilikuwa imepanda bei, akanieleza kwa nini huku akipiga randa: mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku ya siku 90 ikaongezwa tena na tena, hadi Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuiondoa. Wapenda misitu wana hoja yao, na mito yetu inawaunga mkono. Lakini fundi alikumbuka miaka hiyo kwa idadi ya vijana aliowaambia warudi kwao.

Tukakubaliana saiprasi, futi nne kwa mbili, elfu saba.

*

Ukiifuata Ngong Road hadi Karen, unafika kwenye nyumba ambayo tangu 1986 ni makumbusho. Karen Blixen aliishi huko hadi 1931, akilima kahawa iliyokataa kuzaa vizuri. Shamba lilipoanza kumshinda, alianza kuandika usiku kwenye meza ya chumba cha kulia. Katika kitabu chake anasimulia jinsi mpishi wake, Kamante Gatura, alivyomwendea na wasiwasi. Kamante alilinganisha zile karatasi na kitabu kimoja kigumu kilichokuwa rafuni: kile kimeshikana, ukikiinua hakiachani, lakini hiki chako kimetawanyika, na mlango ukisahauliwa wazi kinapeperuka hadi sakafuni.

Wasomaji wengi hucheka hapo. Mimi sicheki. Naona Kamante ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyeuliza swali la ofisi: kazi yako inakaa wapi wewe ukiondoka? Yeye mwenyewe alikuwa na hadithi, lakini meza ya kula haikuwa yake. Zake zilichapishwa mwaka 1975, katika kitabu alichokiandaa Peter Beard.

Sisemi kwamba bila meza mtu haandiki. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya 1977, na ndani ya Kamiti akaandika riwaya kwenye karatasi ya choo. Binyavanga Wainaina alienda Transkei kusomea biashara, hakumaliza, akajifungia chumbani na vitabu. Mwaka 2002 akashinda Tuzo ya Caine. Huyo nilikuwa nikimtaja sana kwa Mama. "Na wewe umeshinda nini?" aliniuliza siku moja, na nikaacha kumtaja.

*

Meza ilikuja Jumamosi kwa mkokoteni. Nikaiweka pale picha zote za intaneti zinaposema: chini ya dirisha. Nikanunua kiti cha ofisi cha mitumba kwa elfu nne na mia tano, gurudumu moja lina kiwete. Taa, elfu moja mia mbili. Nikapiga picha, nikaiweka mtandaoni, nikapata mioyo mingi. Kisha nikakaa kufanya kazi, na palikuwa na giza.

Mama alikuja wiki iliyofuata. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia SQ hiyo. Alisimama katikati ya chumba na mkoba wake mkononi, hakukaa, hakusema meza ni nzuri. Akauliza, "Mwangaza unaingia saa ngapi?"

"Sijui, Mama."

"Utajuaje kazi kama hujui mwangaza?"

Akaangalia dirisha, kisha akageuka kuangalia ukuta wa pili. Pale ukutani, karibu na kitanda, palikuwa na mraba wa jua. "Dirisha la juu halimpi aliye chini yake," akasema. "Linarusha mbali." Tukahamisha kitanda, tukahamisha meza. Akaigeuza ubavu ili mwanga uje kutoka kushoto, kwa sababu ninaandika kwa mkono wa kulia na kivuli cha mkono wako mwenyewe ni adui. Ndivyo cherehani yake ilivyokaa miaka yote ile, na mimi nilidhani imekaa tu.

Kisha akatoa tepu ya fundi nguo mkobani. Akaniambia nikae. Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko changu, akapima meza, akatikisa kichwa. "Fundi wako ametengeneza meza ya kila mtu. Mwili ni wako." Jumatatu nikairudisha miguu kwake ikapunguzwa inchi moja na nusu. Maumivu ya mabega niliyoyadhania ni ya umaskini yakaisha kwa muda wa siku nne.

Rangi nyeupe ya ukuta wa mbele ya dirisha, ili uurudishe mwanga: elfu moja na mia tano. Vipande vya mbao vya mia nane nikavifanya zidaka zangu, rafu fupi fupi kutoka usawa wa macho hadi darini, na sakafu ikabaki wazi. Jumla, elfu kumi na tano. Ndiyo ofisi. Nyaya zimefungwa kwa uzi wa cherehani. Kalamu nayo imefungwa kwa uzi, ingawa naishi peke yangu.

Hakusema kwamba sasa ninafanya kazi. Nisiwadanganye. Lakini alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea daftari lake la oda kwenye kompyuta, na akaongeza, "Uniambie ni pesa ngapi." Hakuwahi kuniuliza bei ya kitu chochote maishani. Nikamwambia bei. Akaipunguza, kama anavyowapunguzia wote.

*

Mwezi uliopita keateka alibandika karatasi kwenye geti. Nyumba ya mbele imeuzwa. Patajengwa orofa, na sisi wa nyuma tuna siku sitini. Hadithi hiyo imejaa upande huu wote wa mji; hata Woodley yenyewe imo kwenye mipango ya nyumba mpya, na waliokaa huko miongo mingi wanajua maana ya barua kama hiyo. Wanawake wa Pangani walijua pia.

Nilimpigia fundi kumwambia. Hakushangaa. Aliniuliza tu kama bado nina spana niliyopewa, namba kumi na tatu. Ninayo; iko kwenye zidaka ya chini, karibu na tepu ambayo Mama "aliisahau" hapa na hajawahi kuiulizia.

Meza ina bolti nane. Kila mguu una mbili. Jana usiku, baada ya kumaliza ukurasa, nilizijaribu zote kuona kama zimeshika kutu. Zinafunguka. Nikazikaza tena, nikarudi kuandika, kwa sababu bado nina siku thelathini na moja na mwangaza unaingia saa tatu.